Matanga ya Mtu Aliye Hai

Niliolewa Mbuchi miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nikitokea Mahege, ambako maji ni maji tu. Mbuchi, mto unapokutana na bahari, maji yanaonjwa. Kabla ya kupanda mpunga, mama mkwe wangu alichota maji ya mto kwa kiganja, akayasukutua, akayameza, ndipo akatamka kama mwaka huo tutakula au tutanunua. Nilimcheka kimoyomoyo. Hata mimi, mke wa mwanawe, sikukaguliwa hivyo.

Mwaka mmoja aliyatema. Tukapiga kasia mbele kidogo, akaonja tena, akatema tena. Chumvi ya bahari ilikuwa imepanda hadi shambani kwetu. Zamani mafuriko yaliisukuma ikarudi ilikotoka, lakini safari hii mto ulikuja mnyonge, na mashamba yaliyofaa yakabaki ya kijiji cha juu yetu, kuelekea mto utokako.

Wenyeji wa huko hawakuwa wajinga. Waliweka vijana wenye mapanga penye mdomo wa kijito, mgeni asipite. Vijana wetu nao wakaanza kunoa yao. Jioni walisikiliza redioni mataifa yanavyouana kwa ajili ya mafuta, wakatikisa vichwa kwa huruma, kisha wakaendelea kunoa. Niliogopa sana, maana mume wangu alikuwa mmoja wao.

Mama mkwe hakunoa kitu. Alijifunga kaniki, akaniambia, "Mwanangu, shika kasia. Twende matangani."

"Kafa nani, mama?"

"Mtani wangu. Ila mwenyewe bado hajajua."

Mtani huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa walinzi wa kule, mzee mwenye koti la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya nchi za theluji. Watu wa ukoo wake na wa mama mkwe walitaniana tangu enzi za mababu. Waendao msibani hawazuiwi, basi vijana wakatupisha. Tulipofika uani kwake, mama mkwe akajitupa chini.

"Jamani, mtani wangu! Alikuwa mkarimu huyu! Hakumnyima mtu maji!"

Akamvua koti, akalivaa, akatembea kama yeye, kifua mbele, akiwafukuza kuku kwa kijiti cha muhogo. Kwetu mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu, na kumkasirikia ni aibu. Marehemu alisimama hapo hajui pa kuweka mikono. Wake zake mwenyewe walicheka hadi wakashika mbavu.

"Nikupe nini unyamaze?" akauliza.

"Mashamba. Langu na ya wenzangu. La sivyo kesho nawaleta wote, tukulilie mpaka arubaini."

Tukapewa. Mapanga yakarudi kukata nyasi.

Miaka kadhaa baadaye mama mkwe alifariki kweli. Mzee akaja na koti lake, nasi tukangoja vituko vyake, kwa kuwa sasa ilikuwa zamu yake. Nilikuwa na hamu ya kucheka, maana nilikuwa nimelia vya kutosha. Akajilaza palipokuwa pamelazwa maiti, kama ilivyo ada, halafu akainuka. Akatoa mfukoni chupa ya maji, akanipa nionje.

Nikaonja, nikatema.

"Ya shambani kwangu hayo," akasema. "Na huko juu yangu, mwanangu, mie sina mtani hata mmoja."