Hina Haijashika

Siku hizi nikiwakuta wajukuu zangu wamekaa barazani wanasugua visigino, huwauliza wanamngojea mama mkwe gani. Wananicheka. Hawajui kwamba bibi yao nusura akose mume kwa sababu ya visigino, na kwa umri niliokuwa nao, kumkosa kijana yule niliona ni heri nife.

Wadachi walikuwa wamekwisha kuifikisha reli Dodoma. Baba yangu, aliyezaliwa njiani katika misafara ya biashara, alikuwa na duka la chumvi na nguo karibu na stesheni. Kijana wangu alikuwa Mgogo wa Mkonze, akifanya kazi ya kubeba mataruma ya reli. Alikuwa amesilimu, na baba alimpenda. Lakini mama yake alituma ujumbe kwamba ng'ombe wa mahari hawatatoka zizini mpaka amwone huyo binti kwa macho yake, maana amesikia wasichana wa mjini ni wavivu na wana kiburi. Tangu siku hiyo usingizi ulinipaa.

Shangazi, aliyenilea baada ya mama kufariki, alinikagua kuanzia kichwani kwenda chini. Alipofika miguuni akaguna.

"Magaga gani haya, mwanangu? Humu mtu anaweza kupanda mtama."

Nilijitetea kwamba vumbi la Dodoma halina adabu, na kwamba mgeni atatazama uso, si visigino. Shangazi akasema mchumba mwenye heshima huinamisha uso, kwa hiyo kinachobaki kutazamwa ni miguu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Yeye hakukumbuka, na mimi sikukumbuka, kwamba anayekuja hakuwa mtu wa kwetu.

Tulimtazamia mgeni alasiri. Asubuhi baba akaenda dukani, shangazi akaenda kutafuta nyama ya mbuzi, nami nikabaki peke yangu na miguu yangu. Nilichemsha maji, nikayapoza kidogo, nikatia chumvi na kuloweka miguu mpaka ngozi ikalainika. Nikakagua vidole kimoja kimoja, maana miaka ile hakukuwa na nyumba isiyo na funza, na kweli nikampata mmoja amejificha chini ya ukucha. Nikamtoa kwa mwiba huku nikimsema. Halafu nikachukua jiwe la kukwaruza tuliloliokota katika mto mkavu, nikasugua visigino mpaka maji yakawa ya kutia aibu. Kucha nilizikata kwa wembe wa baba, ambaye hakuwa na haja ya kuambiwa. Mafuta ya mbarika niliyaweka kando yangoje mwisho, kwa sababu hina haishiki kwenye ngozi yenye mafuta.

Nikajipaka hina nzito kuanzia kwenye vidole mpaka kisiginoni, nikaifunika kwa majani mapana ya mbarika, nikafunga kwa vitambaa. Nikanyoosha miguu mkekani. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu, kutokusimama. Nilijiona tayari bi harusi.

"Mbukwenyi," sauti ikasalimu kwa Kigogo mlangoni.

Alikuwa mwanamke mrefu aliyejifunga kaniki, na kibuyu cha maziwa mkononi. Aliondoka kwake mapema kulikwepa jua, na sisi hatukufikiria kwamba mchunga ng'ombe halali mpaka saa anazolala muuza duka.

Nilitamani ardhi inimeze. Mtungi wa maji ulikuwa pembe ya pili ya chumba. Nikibaki nimekaa, nimenyoosha miguu mbele ya mama wa mchumba wangu, hata maji sijampa, basi uvivu na kiburi amevikuta vyote viwili mkekani. Nikisimama, hina inaharibika. Nikasimama. Nilikwenda mtungini kwa visigino, majani yakichanika kila hatua, nikarudi na kata ya maji, nikapiga magoti na kusema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, lakini macho yake yalikuwa sakafuni. Nyuma yangu, juu ya sakafu aliyoifagia shangazi kwa mkono wake, palikuwa na mabonge ya tope la kijani kibichi. Alikunywa maji taratibu. Kisha uso wake ukachangamka.

"Kumbe na ninyi mnalaza ndama ndani," akasema. "Mimi niliambiwa watu wa mjini hamna mifugo. Yuko wapi?"

Ningeweza kukubali tu kwamba kile ni kinyesi cha ndama, lakini ndama ningemtoa wapi? Ikabidi nimwambie kwamba ndama ni mimi. Nikamwonyesha majani yaliyoning'inia miguuni, nikaeleza habari ya hina na magaga. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa mkekani, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kaniki.

"Tazama yangu," akasema. "Mwanangu kaniambia, mama, watu wa mjini wanaangalia miguu. Nikasugua kwa jiwe. Nikapaka samli. Halafu nikatembea."

Samli ilikuwa imekusanya vumbi lote la kutoka Mkonze. Miguu yake ilikuwa imekandikwa kama ukuta wa tembe. Nami nikacheka, na hofu yangu yote ikaisha palepale.

Nikachemsha maji mengine. Nilimwosha, nikamsugua mpaka samli ikatoka, na yeye akaniambia nisione haya kutia nguvu. Hina iliyobaki bakulini ilitutosha wote wawili, kwake kwanza, kisha nikairudia yangu. Nikamfunga majani, nikajifunga na mimi, tukanyoosha miguu sambamba.

Hivyo ndivyo baba alivyotukuta. Aliingia mbio, kwa kuwa jirani alimwambia mgeni amefika, na shangazi yuko nyuma yake na nyama. Akasimama mlangoni. Binti yake hainuki, mgeni wake hainuki. Nilimwona anatafuta maneno ya kuniombea radhi.

Mgeni akamtangulia.

"Utusamehe," akamwambia. "Mimi na mkwe wangu hatuwezi kusimama. Hina haijashika."

Nikainamisha uso, kama alivyonifundisha shangazi. Nikatazama miguu yetu ndani ya majani mpaka machozi yakanizuia kujua ipi ni yangu.