Maji ya Manjano ya Siku Arobaini

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa mwezi wa sita, wakati wa baridi, nikiwa na miaka thelathini na tisa. Siku ya kumi na mbili nilikuwa nimesharudi dukani. Duka letu hapa Likasi liko mbele ya nyumba, kwa hiyo nilijidanganya kwamba sijatoka nje: mtoto amelala kwenye kikapu nyuma ya magunia ya mchele, mimi nimekaa kwenye kiti, kuna ubaya gani? Mume wangu ni dereva wa lori, na wiki hiyo alikuwa njia ya Kasumbalesa, mpakani. Mama yangu, aliyekuja kuishi nasi baada ya baba kufariki, alininunia. Yeye ni mtu wa Maniema, na kwao mzazi hapiti kizingiti kabla ya siku arobaini.

"Weye unajifanya chuma," aliniambia. "Bon. Tutaona."

Tuliona upesi. Mgongo uliniuma hata nikiinua kilo moja ya sukari. Chakula kilinishinda. Nilikuwa nikisinzia huku nimeshika chenji ya mteja.

Ijumaa hiyo, watu wakitoka msikitini, akaingia mwanamke mmoja mdogo wa umbo, amevaa hijabu ya kijani. Nilimjua kwa sura, maana tulikuwa tukiswali safu moja. Mtaani kwetu, alikokuwa akiishi, walimwita Mchina, lakini alitoka Indonesia, kisiwa cha Java. Mume wake alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha shaba upande wa Kambove. Kiswahili chake alikuwa amekiokota sokoni na kwa mlinzi wa nyumba yao.

Alisimama mbele ya beseni la manjano mabichi ambayo mkulima mmoja wa Kapolowe huniletea. Akachukua kipande, akakikwaruza kwa ukucha, akanusa, akafumba macho. Alipoyafumbua alimwona mtoto kikapuni, kisha akanitazama mimi.

"Mutoto siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na weye iko mu duka?" Alishtuka kama vile amenikuta nimekaa barabarani. "Kakak! Hapana!"

Mama, aliyekuwa mlangoni, alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Umeshakuwa kaka sasa," akaniambia. Baadaye tulielewa kwamba kwao neno hilo ni la dada mkubwa pia. Tulikuwa tukigundua maneno kama hayo kila mara. Kwao dunia ni dunia, bendera ni bendera, na wakisalimiana huulizana "kabar", ambayo ni habari yetu hii hii.

Kesho yake alirudi na chupa iliyofungwa kwa kitambaa, bado ina moto. Ndani mlikuwa na maji mazito ya manjano: mizizi ile imetwangwa, imechemshwa na ukwaju na sukari guru, halafu ikachujwa. Alikiita kinywaji hicho jamu. Kwao, alisema, mzazi hunywa kila asubuhi ili tumbo lijisafishe na vidonda vya ndani vikauke.

Mama hakumkatalia usoni. Alipokea, akashukuru, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi akaimwaga chupa nzima chini ya mpapai.

"Mama!"

"Ile ni langi ya nguo! Unataka mutoto anyonye langi? Atageuka manjano, na munganga atauliza nani alifanya vile."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Bahati mbaya mgeni wetu alikuwa amesahau mwavuli wake wa jua. Aligeuka kuufuata, akafika uani huku maji yakiwa bado yanaingia ardhini. Aliyatazama, akaokota mwavuli, akasema "pardon, Ibu," akaondoka. Ibu kwao ni mama. Kama angekasirika ningejisikia vizuri zaidi. Siku mbili nzima niliona aibu, na mama naye alikuwa akifagia mahali pale mara nyingi kuliko kawaida.

Jumatatu nilikwenda kumpima mtoto uzito, nikamwuliza mkunga kuhusu kinywaji kile. Alisema manjano na ukwaju ni vyakula, kikombe kimoja hakina neno, mradi nisiache vidonge vya damu nilivyopewa, na nikiona homa nisikae nyumbani na chupa za watu bali nije mbio.

Niliporudi, mama alikuwa ananisubiri na kikwembe, kitenge kirefu. Alikuwa ameamua kunifunga mkaja, yaani kunikaza tumbo kwa nguo jinsi wazazi wanavyofungwa kwao, kwa nguvu au kwa hiari. Alinisimamisha chumbani akaanza kuvuta. Mikono yake haina tena nguvu ya zamani. Kila akikaza upande mmoja, upande wa pili unalegea, nami napiga kelele. Ndipo tukasikia hodi. Alikuwa ni yeye, yule jirani, amekuja kununua tangawizi, na duka halina mtu.

Alichungulia. Alivua viatu, akaingia, akashika ncha ya pili ya kikwembe bila kuombwa. Alimwonyesha mama kwa vidole jinsi ya kuanzia chini kwenye nyonga na kupanda juu, unakunja, unafunga fundo dogo, unakunja tena. Wawili hao walinivuta huku na huku kama wanafunga gunia la makaa. Walipomaliza nilisimama wima, na mgongo, kwa mara ya kwanza, ukanyamaza.

Mama alikuwa akihema. "Kwenu pia munafunga?"

"Tunafunga, Ibu. Siku arobaini."

"Arobaini?"

"Arobaini."

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. "Leta ile maji," akasema. "Lakini minye nitakunywa wa kwanza."

Yalipoletwa, alikunywa kweli. Alikunja uso kwa ule uchachu, akalamba midomo, akanyoosha kikombe aongezewe.

Kuanzia hapo jirani alikuja kila asubuhi. Ndipo nikajua kwamba bibi yake huko Java alikuwa mwuza jamu: mwanamke wa kubeba kapu la chupa mgongoni, amelifunga kwa nguo, akipita nyumba kwa nyumba, anajua nani ana maumivu ya siku zake, nani hana usingizi, na mtoto gani hataki kula. Huyo wa mwisho humpa mchele uliorowekwa na kutwangwa na tangawizi. Mama, ambaye tangu msiba wa baba alikuwa akichokoa bukari, ugali wetu, kwa kidole, alianza kunywa huo wa mchele, na mwezi wa saba nikamkuta amemaliza sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliyowekewa mume wangu.

Sijui kilichoniponya ni manjano au ni kulala. Ili ninywe kikiwa cha moto ilibidi nikae kitandani, na asubuhi zote duka lilifungwa. Labda hiyo ndiyo dawa yenyewe. Ninachojua ni kwamba siku ya arobaini nilitoka nje nikitembea kama mtu aliyepewa miguu mipya.

Mwaka uliofuata jirani yetu akashika mimba. Alitaka kwenda kujifungulia kwao, lakini mume hakupata likizo, na safari peke yake ilimtisha. Alijifungua hapa Likasi, mtoto wa kike, salama. Alipotoka hospitali alimkuta mama yangu jikoni kwake, jiko la mbabula linawaka, kinu kati ya magoti. Siku arobaini zote mama alikwenda na kurudi kwa miguu. Jirani alikuwa akimwelekeza akiwa kitandani, "Ibu, ukwaju kidogo," na mama alikuwa akijibu, "Lala weye!" halafu anaweka anavyotaka.

Siku moja nilimkuta mama kwenye simu na mama mzazi wa jirani, kwa picha. Wazee wawili walikuwa wakizungumza kwa wakati mmoja, huyu Kiswahili cha kwao Kasongo, yule Kijava, na mtafsiri, ambaye ndiye jirani mwenyewe, amelala usingizi na mtoto kifuani, mdomo wazi. Yule mama wa Java aliinua mbele ya kamera kimzizi kidogo cha kahawia, kile kinachoitwa kencur, ambacho kwao ndicho hutiwa kwenye kinywaji cha mchele badala ya tangawizi, na huku hakipatikani. Mama alikisogelea kioo mpaka pua ikagusa.

"Ile iko na harufu gani?" akamwuliza.

Mwenzake akajibu kwa Kijava, maneno mengi. Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika, akarudi kwenye kinu chake.