Hazina wa Mume Wangu

Miezi miwili mume wangu hakuleta mshahara, na kila nikimuuliza jibu lilikuwa lile lile: serikali imeishiwa. Nilimkazia macho tu. Serikali iishiwe, na magari yao tunayaona yakipita Kondele ving'ora juu? Yeye ni dereva wa ambulensi katika hospitali ya serikali. Nikasema moyoni, huyu ana nyumba nyingine, na mshahara unaishia huko.

Kisha nikamsikia uani akiongea na simu.

"Hazina alisema atatoa Ijumaa. Sasa amenyamaza. Bila yeye mimi siwezi lipa fees."

Alisema! Amenyamaza! Mimi nimezaliwa Kaloleni, katika nyumba ya Waswahili, na kwetu kitu hakisemwi hivyo. Huyo alikuwa mtu, tena mwanamke. Madrasa nilisoma na Hazina wawili. Nikaanza kukunja nguo za watoto nirudi kwa mama yangu. Nililia, sikatai.

Lakini sikutaka kuondoka bila kumsikia akikiri. Jioni nikamwekea ugali na omena, nikakaa mbele yake.

"Huyo Hazina anakaa wapi?"

"Nairobi." Hata hakuacha kutafuna.

"Umemjua tangu lini?"

"Tangu niandikwe kazi."

"Na unampenda?"

"Nani anaweza penda yeye? Kila mwezi anatudanganya."

"Mmezaa naye?"

Tonge likamponyoka. "Mama! Hazina ya serikali! Ile inatumanga mshahara!"

Mjaluo wangu wa Awasi, ambaye kwake viti amevunjika na maji amepotea, ndiye niliyemsikiliza kama mwalimu wa sarufi. Wivu hauna ngeli. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu mshahara ukatike.

"Sasa atatoa lini?" nikauliza.

Akaacha kucheka. Akasema hospitali nzima hakuna anayejua, hata mkubwa wao, na mafuta ya ambulensi nayo yamekwisha. Nilimchunguza uso nikitafuta uongo. Sikuuona, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mwanamke ningemfuata huko huko Nairobi, nikamgongea mlango, nikamtukana mpaka majirani watoke. Huyu ningemgongea wapi? Nikamtazama mume wangu akinawa mikono, mwaminifu, mfuko mtupu, na Mungu anisamehe, nikatamani angekuwa na mwanamke.