Basi Kifuani mwa Sarjenti

Siku yangu ya kwanza kazini, mwenye studio mjini Kasese alinikabidhi kamera ya plastiki nyeusi, nyepesi kiasi kwamba nilidhani ni ganda tupu. Haikuwa na betri. Ilikuwa na lenzi moja, kitufe kimoja, na mgongoni kidirisha chekundu kilichoonyesha namba ya picha. Filamu ilibeba picha kumi na mbili. Baada ya kila picha ulizungusha kirungu cha juu mpaka namba inayofuata itokee. Ukisahau, kamera haikukuzuia: picha ya pili ililala juu ya ile ya kwanza.

“Piga, zungusha, ndiyo uongee na mutu,” alisema mwenye studio. “Na negativu haitupwi, hata mbaya. Ile ni uso ya mutu.”

Baadaye alinipeleka Kikorongo, njia panda ambapo mabasi na malori husimama. Asubuhi moja nilikuwa ndiyo kwanza nimempigia dereva picha ya basi lake jipya, mara sarjenti mmoja akaruka kutoka kwenye lori la jeshi.

“Wewe! Piga mimi haraka! Lori inaenda!”

Nikapiga. Sikuwa nimezungusha. Niliposafisha filamu nikaona basi limepita kifuani mwake. Aliporudi kuchukua picha nilimwambia, “Filamu iliungua, afande.”

“Iliungua? Wewe iko mpiga picha ama mpishi?”

Watu wa kituoni wakacheka. Nikatazama pembeni. Negativu, kile kipande cha filamu, niliiweka kwenye kopo la maziwa, pamoja na nyingine zilizoharibika.

Kazi niliimalizia Bwera, katika kibanda changu. Kufikia miaka ya 2010 kila mtu alikuwa na simu, nami nilibaki na picha za vitambulisho, tena kwa kamera ya dijitali. Asubuhi moja akaja mama kutoka Karambi.

“Mzee, wewe ndiye ule mpishi ya Kikorongo?”

Alikuwa mjane wa yule sarjenti. Mazishi yalikuwa kesho yake. Kwao picha ya marehemu hutangulia jeneza, na simu iliyokuwa na picha zake zote ilikuwa imeingia maji.

“Mama, filamu haikuungua,” nilisema. “Nilimdanganya. Niliiharibu mwenyewe.”

“Uso iko?”

“Iko.”

Niliitoa negativu kwenye kopo la maziwa. Mashine ya kukuzia picha ilikuwa bado nyuma ya pazia. Karatasi za picha zilibaki mbili, za zamani. Ya kwanza mwanga uliizidi, ikatoka nyeusi yote. Ya pili niliipa mwanga wa kupepesa jicho tu. Ndani ya dawa yalitokea madirisha ya basi, kisha, juu yake, uso wa sarjenti, safi.

Mjane aliitazama kwa muda mrefu. “Hata hapa iko safarini,” alisema, akacheka huku akijifuta macho kwa leso.

Mlangoni akageuka. “Na alijua filamu haikuungua, mzee. Alisema uliangalia pembeni.”

Sasa nimestaafu. Kamera iko kabatini, haina filamu. Nikiishika, kidole huzungusha kirungu kabla sijasema neno.