Pini Mdomoni mwa Wembe

"Toa hizo pini mdomoni unijibu! Gauni limenibana mpaka roho inataka kutokea puani, na kesho naimba mbele ya kanisa zima!"

Huyo ni binti yangu, mpishi wa hoteli, mapafu kama tarumbeta. Anayefokewa ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, fundi cherehani. Mimi niko katikati nashona vifungo, naomba wasipindue meza.

Mtaa humwita mkwe wangu Wembe. Enzi zake, ulimi wake ulikata kitambaa cha suruali bila mkasi. Aliwahi kumkaripia jogoo wa jirani. Jogoo hakuwika mpaka Pasaka. Hamniamini? Jogoo mwenyewe yupo, muulizeni.

Kisha akaamua kumfuata Yesu kwelikweli, hata kwenye cherehani. Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga pedali: "Bwana, leo tena." Hasira ikipanda, anabana pini midomoni, ulimi ukose njia. Mwanzoni alizitema kama risasi, mteja akakimbia na kiatu kimoja. Wembe akapiga magoti, akaziokota moja moja, akamfuata mtu na kiatu chake kumwomba radhi. Kesho yake akaanza upya. Haba na haba, mtaa ukazoea kimya chake.

"Wifi! Nasema na wewe au na cherehani?"

"Mmh."

"Mama, mwambie mkweo!"

"Mimi nina uzi mdomoni," nikasema.

Wembe akasimamisha gurudumu. Akatoa pini, akazichomeka kwenye kitambaa. Nikasogeza mkasi mbali.

"Wifi, siku ile nakupima, ulijibana tumbo."

"Nani kajibana!"

"Ulijibana. Nikaona, nikanyamaza. Nilijua gauni litakubana. Nilitaka uaibike mbele za watu." Macho hakuyainamisha. "Pini zilifunga mdomo tu, moyo bado ulikuwa unakata. Nisamehe. Lete gauni nilifumue. Siinuki hapa mpaka likukae."

Binti yangu akavuta pumzi. Mshono wa ubavuni ukapasuka trrr! Akafungua kinywa. Nikajua mvua ya mawe hiyo inakuja.

Mlango ukasukumwa. Mwalimu wa kwaya.

"Kelele mpaka barabarani! Na nani kaharibu gauni la mwimbaji wangu?"

Binti yangu akamtazama wifi yake. Akanyoosha mkono kwenye kitambaa, akachomoa pini mbili, akazibana midomoni.