Nani Kakutuma Uuze Jiko Langu?

Kwa miaka mingi Zulma Quiroga alipika bia yake bandani, nyuma ya nyumba yake pale Bariloche, mji wa milimani kusini mwa Argentina, kwa jiko la gesi. Majira hayo ya baridi upepo ulikuwa ukizima moto kila mara, naye alikuwa ameshaanza kuulizia sufuria za umeme bila kumwambia mtu.

Aliporudi kutoka kwa dada yake alikuta jiko halipo. Mkwewe Fabricio alikuwa ameliuza, akaweka sufuria kubwa ya umeme inayong'aa.

"Mama, kwa umri wako gesi ni hatari," alisema akitabasamu.

"Umri wangu umekukosea nini? Nani kakutuma?"

"Si wewe mwenyewe uliyelalamikia upepo?"

"Nililalamikia upepo, sikukuomba unichagulie! Nenda kanirudishie jiko langu, na hilo dude lako uondoke nalo."

Fabricio alilifuata jiko kwa mnunuzi, akalibeba mwenyewe hadi bandani. Zulma akapika kwa hasira, na upepo ukamzimia moto mara mbili. Mwezi uliofuata alinunua sufuria ya umeme, ndogo kuliko ile, aliyoichagua mwenyewe. Fabricio aliiona, asithubutu kucheka.