Ngazi ya Kwanza ya Bwawa

Fundi anayepiga lipu mpya kwenye bwawa letu la kuogelea, pale uani, hana maneno matamu. Alianzia kwenye kina kirefu akirudi kinyumenyume kuelekea ngazi, soksi miguuni, na ukisogea ukingoni tu anafoka: "Rudi nyuma! Lipu ikishika imeshika!" Kila akimaliza kipande hukipapasa kwa mgongo wa mkono, kisha huguna. Hujisifu bila haya kwamba mwiko wake haujawahi kuteleza.

Leo, alipokuwa ng'ambo ya bwawa akiosha ndoo, mama yangu, ambaye macho yamemfifia, alimpelekea chai. Alidhani fundi bado yumo ndani, akashuka ngazi mbichi, kikombe mkononi. Nikafumba macho nikingoja matusi.

"Ahsante, mama," fundi alisema. Akampandisha taratibu, akamketisha, akamwosha miguu saruji isije ikamchoma, huku wakipiga soga kuhusu magoti yanayowauma. Lipu nayo haikuwangoja. Unyayo mmoja, kwenye ngazi ya kwanza, ulikataa kufutika vizuri.

Jioni mume wangu aliinama pale, mama akiwa amekaa kando. "Nani kaharibu hapa?"

"Mwiko wangu uliteleza," fundi akajibu.